MRI haioni sonona, ila inasaidia kujua sumaku ilenge wapi

#1 Vokseli (mleta mada)

Wakuu, kila mada ya sonona ikifunguliwa humu swali moja halikosi: kwani hospitali hakuna mashine ya kuionyesha? Hakuna. Si Dar, si Nairobi, si Stanford. Anayekuuzia picha ya ubongo kama kipimo cha sonona anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Chukulieni hipokampasi, kile kipande cha ubongo kinachoshughulika na kumbukumbu. Mwaka 2016 watafiti wa muungano wa ENIGMA walikusanya picha za wagonjwa 1,728 na watu wasio na sonona 7,199. Kweli, ya wagonjwa ilikuwa ndogo zaidi kwa wastani. Lakini tofauti yenyewe ilikuwa 0.14 ya mchepuko sanifu. Wapange watu mia wa kila kundi kwenye mstari kwa ukubwa wa hipokampasi, halafu jaribu kubahatisha nani mgonjwa: utapata karibu sawa na anayerusha shilingi. Wastani wa maelfu haumwambii daktari kitu kuhusu mtu mmoja aliyekaa mbele yake.

Faida ya picha imejitokeza kwingine, kwenye kuelekeza tiba. Ukishaamua kumtibu mtu kwa sumaku ya TMS (koili inayopiga mapigo ya sumaku juu ya kichwa) au kwa elektrodi zinazopandikizwa ndani ya ubongo, lazima ujue unalenga wapi, na hapo sentimita moja ni kitu kikubwa. Uzi huu ni wa hilo. Wenye ujuzi wa mashine, takwimu na tiba yenyewe karibuni, ila tusileteane "nilisikia".

#2 mtaa_wa_saba

Mkuu, sasa zile picha zenye rangi nyekundu kwa mzima na bluu kwa mwenye sonona zinatoka wapi? Mitandaoni zimejaa.

#3 Takwimu Baridi

Rangi hizo hazikupigwa na kamera yoyote. Ni hesabu iliyopakwa rangi.

Iko hivi. fMRI, yaani MRI inayofuatilia ubongo ukifanya kazi, inapima damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi hupelekewa damu yenye oksijeni nyingi kuliko inayohitaji. Himoglobini iliyopoteza oksijeni huvuruga kidogo uga wa sumaku, yenye oksijeni haivurugi; Seiji Ogawa na wenzake ndio walioonyesha mwaka 1990 kwamba tofauti hiyo inaonekana kwenye MRI. Kilele cha badiliko huja sekunde 5 au 6 baada ya neva kufanya kazi, na kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) badiliko lenyewe ni asilimia 1 hadi 3, mara nyingi pungufu ya hapo. Kwa jicho huoni kitu. Mtafiti anachofanya ni kuuliza kwenye kila vokseli, yaani kila kichemraba cha milimita 2 au 3: je, mabadiliko haya yanazidi kelele, yaani kuyumba kwa bahati tu? Kinachopita mstari aliouchora mwenyewe ndicho anakipaka nyekundu. Sogeza mstari chini, ubongo mzima unawaka. Sogeza juu, unazimika.

Vokseli zikiwa 100,000 na ukiruhusu kosa 1 katika 1,000, unapata nyekundu 100 za uongo hata kama hakuna lolote. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimweka samaki samoni aliyekufa kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu, na wasiposahihisha hesabu hiyo "ubongo" wake ulionekana kuitikia. Haikuwa mzaha mtupu. Mpaka leo ukiona picha ya rangi bila kuambiwa mstari ulichorwa wapi, ihesabu kama kalenda ya ukutani.

Na hizo picha mbili, mzima na mgonjwa, kwa kawaida ni mtu mmoja mmoja waliochaguliwa. Chukua wazima wawili tu, utapata tofauti kubwa kama hiyo.

#4 Vokseli

Nakazia hapo. Nami niongeze nyama kwenye upande wa kulenga.

Kuna eneo limejitokeza tena na tena, eneo la 25 la Brodmann (namba kwenye ramani ya zamani ya ubongo), chini kabisa na mbele katikati ya ubongo, chini ya goti la kiungo kinachounganisha nusu mbili. Helen Mayberg alionyesha kwa PET (picha inayofuata chembe za mionzi mwilini) mwaka 1999 kwamba watu wasio na sonona wakitiwa huzuni damu huongezeka hapo na kupungua sehemu za mbele za juu, na wagonjwa wakipona hali hugeuka: chini kunatulia, juu kunaamka. Mzani wa upande mmoja kupanda na mwingine kushuka.

Shida ni kwamba TMS haifiki kule chini. Koili yenye umbo la nane inafika sentimita 2 au 3 kutoka ngozi ya kichwa, basi. Kwa hiyo unapiga mlango wa juu, sehemu ya mbele kushoto iitwayo DLPFC, ukitegemea ishara isafiri mpaka ndani. Lakini DLPFC ni pana. Mwaka 2012 Michael Fox na wenzake walirudi kwenye vituo vilivyokuwa vimetumika kutibu watu, wakakuta vile vilivyofanya vizuri zaidi ni vile ambavyo mwenendo wake wa damu, mtu akiwa amepumzika, uko kinyume zaidi na wa eneo la 25. Huku kukipanda, kule kunashuka. Tangu hapo "tafuta palipo kinyume zaidi na 25" imekuwa dira ya watu wengi.

#5 Fundi Gradienti

Dira nzuri, ila eneo la 25 ni mahali pabaya kuliko karibu pote pa kupiga fMRI, na hili wengi hulikuta wakiwa wameshamaliza kukusanya data.

Lipo juu ya mashimo ya hewa ya nyuma ya pua. Hewa na tishu haziitikii sumaku sawasawa, basi mpakani uga unapinda, na ishara inakufa kabla hujaisoma. Picha inatoka na tundu jeusi pale pale unapotaka kuangalia, au ubongo unavutwa kama mpira upande mmoja. Ukiweka duara lako la kupimia la milimita 10 kwenye tundu hilo, programu haitalalamika. Itakupa namba, na namba hiyo ni kelele.

Dawa yake haihitaji mashine mpya. Punguza muda wa mwangwi, yaani muda kati ya kupiga wimbi la redio na kusoma ishara: tesla 3 wengi wanakaa milisekunde 30, shusha ukaribie 25, au tumia mwangwi zaidi ya mmoja kwa kila picha na uunganishe baadaye. Vipande viwe vyembamba, milimita 2 hadi 2.5, kwa sababu vokseli nene hukusanya ndani yake ishara zinazofutana. Inamisha vipande kama nyuzi 20 hadi 30 badala ya kuvilaza sambamba na mstari wa kawaida. Kisha chukua picha mbili fupi zenye mwelekeo wa usimbaji uliogeuzwa, mbele-nyuma na nyuma-mbele; zinakula dakika moja tu na ndizo zinazokuwezesha kunyoosha mpindo. Angalia, zinanyoosha mpindo tu. Ishara iliyokufa hairudi. Kwa hiyo kabla mgonjwa hajashuka kitandani, fungua picha ghafi uitazame sehemu hiyo kwa macho. Kama ni nyeusi, rudia.

#6 Takwimu Baridi

Na kutingishika. Hiki kimeharibu tafiti nyingi kuliko mashine mbovu.

Mtu akisogeza kichwa nusu milimita, vokseli zilizo karibu huonekana zinapatana zaidi, na zilizo mbali huonekana zimeachana. Jonathan Power na wenzake waliliweka wazi mwaka 2012. Sasa fikiria: wagonjwa wenye wasiwasi wanatingishika kuliko wazima. Unalinganisha makundi mawili, unapata "mtandao wa mbali umelegea kwa wenye sonona", unaandika makala. Kumbe umepima shingo.

Kwa hiyo hesabu msogeo wa kila picha dhidi ya iliyotangulia. Picha zilizozidi milimita 0.5 zitupwe, na ukitaka ukali zaidi weka 0.2. Kisha hesabu dakika zilizobaki, si zilizopigwa. Mtu aliyelala dakika 8 ukabaki na 4 safi hana ramani ya kutegemewa. Ukitaka ramani ya mtu mmoja mmoja, nusu saa ya data safi ndipo mambo yanaanza kutulia. Chini ya dakika 10 unacheza bahati nasibu.

Kupumua nako. Akibana pumzi, kaboni dayoksaidi hupanda, mishipa hutanuka, ishara hupanda ubongo mzima. Wengi huondoa wastani wa ubongo wote ili kusafisha hilo. Hapo ndipo pa kumuuliza Vokseli: ukiondoa wastani, hesabu yenyewe inalazimisha baadhi ya sehemu kuwa kinyume na nyingine, hata kama hazikuwa hivyo. Kevin Murphy na wenzake walilieleza mwaka 2009. Sasa huo ukinyume wa DLPFC na 25 unaousifu, ni wa ubongo au wa kikokotoo?

#7 Vokseli

Swali la haki. Kiasi ni cha kikokotoo, sibishi. Namba hasi yenyewe usiichukulie kama ukweli wa kibaiolojia; "minus 0.3" ya mtu huyu na "minus 0.1" ya yule hazina maana kubwa. Kinachotumika kulenga ni mpangilio: ndani ya DLPFC ya mtu huyo huyo, wapi ni hasi kuliko pengine. Kuondoa wastani kunashusha kila mahali, ila mteremko hubaki na sura yake kwa kiasi kikubwa.

Na kwa sababu ya tundu alilotaja Fundi, mtu makini hachukui ishara ya 25 moja kwa moja kwa mgonjwa mmoja. Anafanya hivi: anatumia ramani ya kundi kubwa la wazima inayoonyesha kila vokseli ya ubongo inahusiana vipi na 25, kwa kawaida kwa kuweka duara la milimita 10 penye x 6, y 16, z -10 kwenye MNI, ramani sanifu ya ubongo. Kisha kwa mgonjwa, badala ya kusoma pale palipo peusi, anasoma ubongo mwingine wote na kuupa kila mahali uzito kulingana na ramani ile. Anapata mwenendo wa 25 kwa njia ya majirani zake. Ni kama kujua mwenye nyumba amerudi kwa kusikiliza mbwa wa mtaa mzima. Baada ya hapo anatafuta ndani ya DLPFC kushoto palipo kinyume zaidi, na anapendelea kundi la vokseli zilizoshikana kuliko nukta moja iliyochomoza peke yake. Nukta ya peke yake mara nyingi ni kelele. Halafu anahamisha pointi hiyo kwenye picha ya umbile ya mgonjwa na kuhakikisha iko juu ya tuta la gamba, si ndani ya mtaro, kwa sababu uga wa koili hufifia haraka kwa kila milimita.

#8 Nesi Mdundo

Tushuke kwenye kiti cha TMS sasa, maana ramani nzuri inaweza kufia hapo.

Njia ya zamani ni sentimita 5. Unatafuta mahali panaposogeza kidole gumba cha kulia, unapima sentimita 5 kwenda mbele, unaweka koili. Ni rahisi na mara nyingi ni makosa: Uwe Herwig na wenzake mwaka 2001 walipima watu 22 wakakuta 7 tu ndio waliolengwa sawasawa, wengi waliobaki koili iliishia nyuma, kwenye gamba la kupanga mwendo. Vichwa havilingani, sentimita 5 ni zile zile. Njia ya Beam F3 ni bora: futi kamba ya fundi cherehani, unapima kutoka kati ya macho hadi kisogo, sikio hadi sikio kupitia utosini, na mzunguko wa kichwa, hesabu inakupa F3, alama ya kichwani iliyo juu ya DLPFC ya kushoto. Kisha kuna kamera inayofuata koili na kichwa kwa alama, ukiona kwenye skrini upo wapi juu ya MRI ya mgonjwa.

Nguvu: tafuta kizingiti cha msuli, yaani kiwango kidogo kabisa kinachosogeza gumba mara 5 katika mapigo 10, msuli ukiwa umelegea. Matibabu ya kawaida yaliyoidhinishwa Marekani mwaka 2008 ni asilimia 120 ya kizingiti, hertzi 10 (mapigo 10 kwa sekunde), sekunde 4 za mapigo na 26 za kupumzika, mapigo 3,000 kwa dakika 37.5, siku 5 kwa wiki, wiki 4 hadi 6. iTBS, aina ya TMS ya mafungu ya mapigo ya haraka, inatoa mapigo 600 kwa dakika 3 hivi: mapigo matatu matatu ya hertzi 50, mara 5 kwa sekunde, sekunde 2 kupiga na 8 kupumzika. Jaribio la Kanada la mwaka 2018 lenye wagonjwa 414 lilionyesha hiyo fupi haizidiwi na ndefu.

Yanayoharibika kila siku ni madogo. Koili inateleza mgonjwa akisinzia. Inainuka upande mmoja, milimita 5 za hewa, na dozi imeanguka bila mashine kukuambia. Kizingiti kinapimwa mara moja wiki ya kwanza halafu kinasahaulika, wakati mgonjwa ameanza au ameacha dawa na kizingiti kimehama. Na vizibo vya masikio. Mlio wa koili si wa kuchezea.

#9 mtaa_wa_saba

Na ile ya siku tano ya Stanford? Niliona wanadai wagonjwa 9 kati ya 10 wanapona.

#10 Vokseli

Hiyo ni SNT, mwanzo ikiitwa SAINT. iTBS ya mapigo 1,800 kwa kipindi, vipindi 10 kwa siku, dakika 50 kati ya kipindi na kipindi, siku 5. Jumla mapigo 90,000. Nguvu ni asilimia 90 ya kizingiti, ikirekebishwa kwa kina cha gamba, na mahali pa kulenga panatoka kwenye fMRI ya mgonjwa mwenyewe kwa dira ile ya 25.

"9 kati ya 10" ni jaribio la mwaka 2020: wagonjwa 21, wote wakijua wanapata tiba halisi. Lililofuata, la mwaka 2022, lilikuwa na 14 kwenye tiba halisi na 15 kwenye tiba bandia. Wiki nne baadaye alama za MADRS (kipimo cha ukali wa sonona) zilikuwa zimeshuka kwa wastani wa asilimia 52.5 kwa wa kwanza na 11.1 kwa wa pili. Mwaka huo huo Marekani ikaidhinisha. Ni tofauti kubwa. Pia ni watu 29.

#11 Takwimu Baridi

Na hapo ndipo watu wanaruka hatua. SNT ilibadilisha vitu vitatu kwa mpigo: dozi, kasi, na mahali. Hakuna anayeweza kusema kwa jaribio lile kwamba fMRI ndiyo iliyofanya kazi. Inawezekana kabisa ni vipindi 10 kwa siku.

Jaribio lililouliza swali la picha lenyewe ni BRIGhTMIND la Uingereza, matokeo yake yalitoka mwaka 2024. Wagonjwa 255, vipindi 20. Kundi moja lililengwa kwa muunganiko wa fMRI wa kila mtu na kupewa iTBS, lingine lililengwa kwa MRI ya umbile na kupewa TMS ya kawaida. Makundi yote yalipata nafuu, na hadi wiki ya 26 hakuna lililomzidi mwenzake.

#12 Vokseli

Nakubali kwamba SNT haitenganishi. Ila BRIGhTMIND nayo isome vizuri: haikutumia dira ya 25. Ililenga kwa muunganiko wa insula (gamba lililojificha ndani ya ubongo) ya mbele ya kulia na DLPFC ya kushoto. Halafu pande zote mbili zilikuwa na kamera ya kufuata koili. Hakuna aliyelengwa kwa sentimita 5. Kinachoonekana pale ni kwamba ukishatoka kwenye futi na kufika kwenye MRI ya umbile, hatua ya ziada ya fMRI, walivyoifanya wao, haikuongeza kitu. Hiyo ni taarifa nzuri kwa mwenye bajeti ndogo.

#13 Takwimu Baridi

Hapo tumekutana.

#14 Fundi Gradienti

Msisahau upande wa elektrodi, kwa sababu huko picha zimebadilisha kazi kwa namna inayoonekana.

Mwaka 2005 kule Toronto, Mayberg na Andres Lozano waliweka elektrodi karibu na eneo la 25 kwa wagonjwa 6 ambao hakuna dawa iliyowasaidia; 4 walikuwa na nafuu ya kudumu baada ya miezi 6. Kisha likaja jaribio kubwa, BROADEN, wagonjwa 90, na likasimamishwa kwa sababu miezi 6 ya mwanzo tiba halisi na bandia hazikutofautiana. Wengi wakasema biashara imeisha.

Waliorudi kwenye picha waliangalia nyuzi zinazounganisha maeneo ya ubongo, si eneo lenyewe. Kwa MRI ya usambaaji wa maji, Patricio Riva-Posse na kikundi cha Mayberg walikuta waliopona ni wale ambao umeme wao uligusa njia nne kwa pamoja: nyuzi zinazovuka kwenda pande mbili za paji, nyuzi za unsineti, singulamu, na zile zinazoshuka kwenye kiini cha ndani. Ukienda pembeni kidogo unaweza kukosa baadhi yake, na kwenye picha ya kawaida huoni tofauti. Walipolenga makutano hayo kwa makusudi, wagonjwa 8 kati ya 11 waliitikia kwa miezi 6, na 9 kwa mwaka. Halikuwa na kundi la tiba bandia, kwa hiyo tulia.

#15 mtaa_wa_saba

Sasa huku kwetu, ambako fMRI ya utafiti ni nadra, mtu mwenye sonona aombe MRI au asiombe?

#16 Nesi Mdundo

Kwa sonona ya kawaida, asiombe. Hela hiyo iende kwenye tiba. Kwanza vipimo vya damu vya bei nafuu: tezi ya shingo, wingi wa damu, vitamini B12, sukari, VVU, hivyo hukamata mambo yanayojificha nyuma ya sonona mara nyingi kuliko MRI. MRI ya kawaida huombwa pale kunapokuwa na dalili nyingine: degedege, udhaifu wa upande mmoja, maumivu mapya ya kichwa yanayozidi alfajiri, kubadilika ghafla kwa tabia, au sonona ya kwanza kabisa uzeeni pamoja na kusahau. Hapo daktari anatafuta uvimbe au kiharusi, si sonona. Zile mashine ndogo za tesla 0.064 zinazosukumwa hadi kitandani zinafaa kwa maji kichwani au damu iliyovuja. Usizitarajie kwa fMRI.

Anayepelekwa TMS, futi kamba na F3 iliyopimwa kwa uangalifu kila siku inatosha kuanza. Muhimu zaidi ni maswali kabla ya kuwasha: ana chuma kichwani, klipu ya mshipa, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa? Ana kifafa? Amelala jana? Anakunywa pombe na ameiacha ghafla wiki hii? Anatumia bupropioni (dawa ya sonona) au tramadol (ya maumivu)? Hiyo ya mwisho iulizwe kwa jina, na kwa upole, kwa sababu tramadol za mtaani wengi hawazihesabu kama dawa, na zinashusha kizingiti cha degedege. Degedege kwenye TMS ni nadra sana, lakini mara nyingi kuna moja ya hizo nyuma yake.

Na anayejisikia kujiua asisubiri koili wala foleni ya picha. Aende hospitali leo, akiwa na mtu.